Jinsi ya kugundua magonjwa ya kuambukiza kwa njiwa na kasuku kabla banda zima halijaugua: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Kosa ni lilelile, uwe Shangani, Masasi au Kilwa Masoko. Ndege anaonekana mnyonge, mwenyewe anakimbilia duka la dawa za mifugo, ananunua unga wa antibiotiki na kuutia kwenye maji ya banda zima. Baada ya siku tatu nne wanaanguka wengine. Hapo ndipo anaitwa afisa mifugo. Lakini ndege wameshakunywa dawa, bakteria hawaoti tena kwenye sampuli, na mzoga umeshinda juani tangu asubuhi. Maabara haina cha kusema, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi palepale.

Kazi ya mwongozo huu ni moja: kugundua. Vipimo vya dawa sikuviweka, kwa sababu shingo iliyopinda peke yake inaweza kuwa na sababu tatu tofauti, na dawa inayofaa kwa moja haifanyi lolote kwa nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya kwanza hufanywa ndege wakiwa wazima, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua hii.
- Daftari na kalamu.
- Karatasi nyeupe za kutandika chini ya tundu.
- Tochi ndogo, na simu yenye kamera.
- Taulo mbili: nyepesi kwa njiwa, nene kwa kasuku.
- Glavu, barakoa inayobana vizuri, na nguo ya kazi isiyoingia chumbani kwako.
- Tundu la pili, tupu na safi, la kumtengea mgonjwa.
- Sabuni, jiki na ndoo mbili.
- Vichupa visafi vyenye kifuniko, ndoo ndogo zenye mfuniko unaobana, na boksi la kuhifadhi ubaridi.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo, usingoje ndege afe.

## Onyo kabla ya kushika ndege yeyote

Kuna ugonjwa wa kasuku na njiwa unaompata binadamu. Unaitwa psitakosisi, na bakteria wake ni Chlamydia psittaci. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la choo kilichokauka, manyoya na makamasi ya ndege. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya siku 5 na 14: homa, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, kikohozi kikavu.

Huku kwetu homa ya namna hiyo hudhaniwa malaria kwanza, na ni sawa kupima malaria kwanza. Kipimo kikisema huna, usirudi nyumbani kimya. Mwambie daktari kwa maneno haya: "Nafuga njiwa", au "nina kasuku ndani ya nyumba." Hawezi kulikisia hilo, na ugonjwa huu unatibika vizuri ukijulikana mapema. Ukiachwa unashika mapafu.

Kwa hiyo usifagie choo kikavu. Nyunyiza maji yenye sabuni, subiri kilowane, kisha kwangua. Wajawazito, watoto wadogo na watu wenye kinga dhaifu wasifanye kazi hii kabisa. Choo cha njiwa kilichorundikana hubeba pia kuvu wanaoweza kuwaletea ugonjwa mbaya wa ubongo watu wenye kinga dhaifu.

## Hatua ya 1: Mjue ndege wako akiwa mzima

Kwa siku saba mfululizo, asubuhi kabla ya kulisha, pima uzito wa kila kasuku na uandike. Kwa njiwa wengi, chagua kumi wenye pete au alama na uwapime mara mbili kwa wiki.

Sababu ni hii: ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayefuatwa na kipanga. Kasuku atakaa juu ya kijiti chake, atashika mbegu, ataimenya bila kuimeza, nawe utaapa kwamba anakula. Mizani haidanganywi.

Njiwa wengi wa kufugwa wana gramu 300 hadi 400 na zaidi kidogo. Kasuku wa kijivu huwa kati ya 400 na 500. Yule kasuku wa pwani yetu, mwenye mwili wa kijani na kichwa cha kahawia, ana gramu 140 hivi. Lakini usimlinganishe ndege wako na namba hizi. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Akipungua asilimia 5, mpime kila siku. Akipungua asilimia 10, huyo ni mgonjwa hata kama anaimba. Njiwa wa gramu 360 akifika 324, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Hesabu pia pumzi. Njiwa aliyetulia hupumua mara 25 hadi 30 kwa dakika. Hesabu alfajiri, maana jua la saa saba mchana, na unyevu wa pwani, humfanya hata ndege mzima aachame mdomo na kupepea koo ili ajipoze.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa wa kila ndege wenye uzito wake, pumzi zake, na picha ya choo chake cha kawaida.

## Hatua ya 2: Tazama kwa mbali, dakika kumi, bila kugusa

Kaa mahali ambapo ndege hawakuoni vizuri. Ukisogea, mgonjwa atajikaza na kusimama wima.

Kwa njiwa, tazama nani hashuki kwenye chakula, nani anadonoa pembeni ya punje badala ya kuipata, nani anarudi kwenye maji mara kwa mara, nani bawa moja limelegea. Tazama pia kinundu kilicho juu ya mdomo. Kwa njiwa mkubwa mwenye afya ni cheupe na kikavu. Kikiwa cha kijivu, kimelowa au kina uchafu, mweke kwenye orodha.

Kwa kasuku, sikiliza kwanza. Kasuku aliyenyamaza siku nzima, au ambaye sauti yake imekwaruza, ana jambo. Anayekaa sakafuni mwa tundu ana jambo kubwa zaidi. Ndege mzima akisinzia mara nyingi hukunja mguu mmoja. Mgonjwa hukaa kwa miguu yote miwili, manyoya yamefutuka wakati wewe unatokwa jasho.

Kwa wote wawili, tazama mkia. Mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi unaonyesha kwamba kupumua kumekuwa kazi. Hilo si la kusubiri kesho.

## Hatua ya 3: Soma choo

Tandika karatasi nyeupe jioni, ikague alfajiri. Choo cha ndege kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, cheupe ambacho ndicho mkojo mzito, na maji maangavu kidogo. Unatafuta ni sehemu gani iliyobadilika. Neno "kuhara" halimsaidii daktari.

- Maji mengi maangavu, na kigumu kidogo katikati: mkojo umezidi. Kwa njiwa, fikiria virusi vya jamii ya kideri.
- Kile cheupe kimekuwa njano au kijani kibichi: ini limeguswa. Kwa kasuku, psitakosisi iwe ya kwanza kwenye orodha.
- Kijani kizito, kidogo sana: mara nyingi ndege hajala. Rudi kwenye mizani.
- Mbegu nzima zisizosagwa: tumbo halifanyi kazi. Kwa kasuku ni dalili nzito.
- Ute, damu au harufu kali: minyoo, koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) au salmonela (bakteria).

Kabla hujaogopa, kumbuka ulichomlisha. Papai, embe na tikiti huongeza maji. Mchicha hukoleza kijani. Njiwa anayeatamia hukusanya choo na kukitoa kwa mkupuo mmoja mkubwa. Ondoa matunda siku moja, kisha soma tena.

## Hatua ya 4: Mshike na umkague kwa mpangilio

Mpangilio unasaidia usisahau kitu. Anzia kichwani, malizia kwenye mkia. Usizidishe dakika tatu.

Onyo: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukibana kifua unamnyonga. Kasuku mshike kwa taulo, vidole vikishika taya kutoka nyuma ya kichwa, kifua kikiwa huru. Akianza kutweta, mrudishe tunduni mara moja. Ukaguzi unaweza kungoja.

Macho: yote mawili, ukilinganisha. Jicho moja lililovimba na kulowa ni habari muhimu.

Pua: makamasi, ukoko, manyoya yaliyogandamana juu yake.

Mdomo: mfungue taratibu, mulika kwa tochi. Ndani pawe na rangi ya waridi na unyevu. Utando wa njano, uvimbe au madoa meupe vyote viandikwe na kupigwa picha. Usivibandue. Vikibanduka hutoka damu nyingi, na makinda hufa kwa hilo.

Kidari: pitisha kidole juu ya mfupa wa katikati. Nyama iwepo pande zote mbili. Mfupa ukichomoza kama makali ya kisu, ndege huyo amekonda kwa muda mrefu, hata kama wewe umeona dalili jana tu.

Kisha viungo vya mabawa na miguu, ukitafuta uvimbe wenye joto. Ngozi isiyo na manyoya, ukitafuta vinundu na magamba. Tundu la haja, ukitafuta uchafu ulioganda. Mwisho manyoya yenyewe: fungua bawa, tazama wadudu, tazama manyoya mapya yanavyoota.

## Hatua ya 5: Mtenge kabla ya kujua ugonjwa

Watu hungoja jibu ndipo watenge. Geuza mpangilio huo: tenga saa hiyohiyo, jibu litafuata.

Kutenga si kumweka kwenye tundu la jirani. Vumbi la choo na manyoya husafiri kwa hewa, kwa hiyo chumba kiwe kingine, na vyombo vya maji na chakula viwe vyake peke yake. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa na ubadilishe nguo. Njiwa na kuku wasinywe chombo kimoja, maana virusi vya njiwa vya jamii ya kideri vinaweza kuingia kwa kuku pia.

Ndege mgeni naye hutengwa: siku 30 kwa njiwa, 45 kwa kasuku. Aliyesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Dar es Salaam amechoka na ameshtuka, na uchovu huo ndio huamsha vimelea alivyovibeba bila dalili. Wiki za mwanzo ndizo za kumpima uzito bila kukosa. Pia usimpe antibiotiki "za kumsafisha". Zitaficha kilekile unachokitafuta.

Osha vyombo kwa sabuni mpaka uchafu utoke, ndipo utumie jiki, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya choo. Kama jiki yako ni ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji kinakupa asilimia 0.5. Acha dakika kumi, suuza, kausha juani. Ndege wasiwepo chumbani, na usichanganye jiki na ndimu, siki wala dawa nyingine ya usafi.

## Hatua ya 6: Panga dalili kwa makundi

Hapa ndipo pa kukaa. Dalili moja haitoshi. Zikusanye, kisha tazama zinaangukia wapi.

### Shingo kupinda, kutetemeka, kukosa punje

Kwa njiwa, wa kwanza kushukiwa ni virusi vya paramiksi vya njiwa, ndugu wa karibu wa kideri cha kuku, ambacho maofisa mifugo hukiita mdondo. Huanza kwa kunywa maji sana na choo cha majimaji. Siku kadhaa baadaye shingo inapinda, ndege anazunguka, anadonoa hewa, bawa au mguu unapooza. Huenea kwa wengi ndani ya wiki chache.

Niseme hili kwa uzito: wengi hupona kama wakilishwa kwa mkono na kunyweshwa kwa wiki kadhaa. Kuwachinja siku ya kwanza kwa kudhani wamerogwa au hawafai tena ni hasara isiyo na sababu. Kuwala au kuwauza sokoni ni kueneza.

Wa pili ni salmonela. Naye hupindisha shingo, ila huja na uvimbe wa kiungo cha bawa au mguu, kukonda, choo cha kijani chenye ute, mayai yanayofia ndani na makinda yanayokufa. Humpiga huyu leo, yule wiki ijayo. Salmonela huwapata pia watu, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni.

Wa tatu si ugonjwa wa kuambukiza: ni sumu. Itazame hatua ya 7.

### Utando wa njano mdomoni

Kwa njiwa, hasa makinda, ni trikomona. Kimelea hiki hupita kwenye maziwa ambayo wazazi huwatemea makinda wao, na kwenye maji ya pamoja. Ndege anameza kwa shida, mdomo unanuka, mate yanavuta. Mzazi anaweza kuwa mzima kabisa kwa macho huku akiwaambukiza watoto wake kila anapowalisha, kwa hiyo ukiona kinda mmoja, wazazi wote wawili nao wachunguzwe.

Ndui inaweza kuleta picha inayofanana. Tofautisha kwa kutafuta vinundu kwenye kope, kuzunguka mdomo na miguuni.

Kwa kasuku mwenye madoa meupe mdomoni, uliza kwanza anakula nini. Anayekula alizeti tupu mwaka mzima hukosa vitamini A, na mdomo huonyesha.

### Vinundu kwenye ngozi isiyo na manyoya

Ndui ya njiwa. Mbu ndio wasafirishaji wakubwa, hivyo kwetu huku, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tarajia kesi zaidi wakati wa masika. Vinundu huwa magamba na kuanguka ndani ya wiki tatu nne hivi. Usivichubue. Ndui hii haimpati mtu.

### Jicho moja kulowa, makamasi, kupumua kwa sauti

Psitakosisi ndiyo ya kwanza kushukiwa kwa njiwa na kwa kasuku, hasa choo kikiwa na njano au kijani. Ugumu wake ni kwamba ndege anaweza kubeba bakteria kwa miezi bila dalili, akawatoa kwa vipindi, hasa baada ya safari, wakati wa kubadili manyoya au wa kulea.

Kama macho ni mazima lakini kasuku anatweta, sauti imebadilika na uzito unashuka polepole, shuku kuvu wa mapafu. Huyu hatoki kwa ndege mwenzake. Hutoka kwenye matandiko yaliyolowa na mbegu zilizoota ukungu. Karanga na mahindi vilivyoharibika wakati wa mvua vina sumukuvu pia, inayoua ini. Nusa chakula kila unapofungua gunia.

### Kukonda na kupauka, na nzi bapa ndani ya manyoya

Nzi huyu ni bapa na wa kahawia, hukimbia upande upande chini ya manyoya ya njiwa na kunyonya damu. Hubeba kimelea kinachofanana na malaria. Kipimo chake ni tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini, namna ileile inayotumika kutafuta malaria kwa watu.

### Kasuku: manyoya yanayoota vibaya

Tazama kichwa. Kasuku anayejinyonyoa kwa upweke au msongo hawezi kufikia kichwa chake. Huko manyoya hubaki mazuri. Manyoya ya kichwani nayo yakipotea, au mapya yakitoka mafupi, yamebanwa shinani, yana damu ndani ya bua, shuku ugonjwa wa mdomo na manyoya unaoletwa na virusi vya sirko. Hauna tiba, na vumbi lake hudumu muda mrefu ndani ya nyumba. Mtenge asikutane na kasuku mwingine yeyote, na uombe kipimo.

### Kasuku: mbegu nzima kwenye choo, kutapika, kukonda huku akila

Ni ugonjwa wa kutanuka tumbo, unaohusishwa na virusi vya bona. Unahitaji daktari na picha ya eksirei.

### Vifo vya ghafla vya wengi

Njiwa au kuku wakifa wengi ndani ya siku moja mbili, simamisha kila kitu. Usipasue, usisafirishe, usiuze. Piga simu kwa afisa mifugo. Hapa kideri kikali na homa ya mafua ya ndege vyote viko mezani, na kazi hiyo ni ya serikali.

## Hatua ya 7: Ondoa visivyo maambukizi

Huku Kusini kuna vitu viwili vinavyowachanganya wengi.

Salfa ya mikorosho ni kimojawapo. Wakati wa kupuliza, katikati ya mwaka, vumbi lake huwasha macho na njia ya hewa ya watu na ndege. Ndege wote wakilowa macho yote mawili siku ileile jirani alipopuliza, na wakatulia baada ya siku moja mbili, huenda si maambukizi. Jicho moja, ndege mmoja, na hali inayozidi kuwa mbaya: hilo si la salfa. Moshi wa kuchoma maganda ya korosho nao ni wa aina hiyohiyo, kwa hiyo tundu la kasuku liwe mbali nao.

Kingine ni waya mpya wa mabati. Zinki inayoufunika ni sumu kwa kasuku anayeutafuna, na risasi iliyo kwenye rangi za zamani ni sumu kwa wote. Kutapika, kutetemeka, udhaifu wa ghafla: uliza tundu lilinunuliwa lini.

Wanaofuga Newala na sehemu nyingine za uwanda wa Makonde waongeze baridi ya usiku wa Juni na Julai. Ndege aliyefutuka manyoya alfajiri na kutulia jua likitoka si lazima awe mgonjwa. Na jike aliyejikunja sakafuni akisukuma huenda yai limekwama. Hiyo ni dharura, ila si ya kuambukiza.

## Hatua ya 8: Chukua sampuli kabla ya dawa

Mtwara tuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Mpigie afisa mifugo kwanza, naye aulize kituoni ni vipimo gani hufanyika hapo na vipi hutumwa Maabara Kuu ya Veterinari, Temeke. Usipande basi la alfajiri kutoka Nachingwea na kichupa mkononi bila kuuliza.

1. Choo. Chukua kibichi cha siku hiyo, kutoka kwenye karatasi safi, si sakafuni. Kwa psitakosisi, kusanya cha siku tatu hadi tano mfululizo, kwa sababu bakteria hutoka kwa vipindi.
2. Ute wa macho, koo na njia ya haja. Huu auchukue mtaalamu, na kijiti chake kiingie kwenye kimiminika atakachotoa mwenyewe. Kijiti kikavu kilichozungushiwa karatasi ni kazi bure kwa vipimo vingi.
3. Trikomona. Peleka ndege mwenyewe. Kimelea hutambulika kwa kuonekana kikitembea, na hufa ute ukipoa au kukauka.
4. Ubaridi. Sampuli za choo zikae kwenye barafu. Ile ya soko la samaki inatosha. Izungushie karatasi, isigusane na kichupa. Usigandishe.
5. Maelezo. Aina ya ndege, umri, wangapi wapo, wangapi wanaumwa, wamekufa wangapi, dalili zilianza lini, wamekula nini, dawa gani walishapewa, chanjo ya mdondo walipata lini. Chanjo ukiificha, kipimo cha damu kinaweza kukuambia wana ugonjwa kumbe ni kinga ya chanjo.

Kasuku ni mnyamapori mbele ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga kunahitaji kibali. Kibali kiwepo kabla hajaugua, ili hofu ya kuulizwa isije ikamnyima ndege daktari.

Utajua umefaulu kama sampuli imefika ikiwa ya baridi, ina jina na tarehe, na ndege hajaguswa na dawa.

## Hatua ya 9: Ndege aliyekufa bado ana la kusema

Huku joto letu huharibu mzoga kwa saa chache. Ukimkuta, vaa glavu na barakoa, lowesha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke na joto litoke upesi. Mfunge vizuri, mweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo ikae ndani ya boksi la barafu. Afike maabara ndani ya saa 24. Asiingie kwenye friza, kwa kuwa kuganda huharibu nyama za ndani zinazopaswa kutazamwa, na asikae kwenye friji ya chakula.

Usimpasue mwenyewe. Psitakosisi ndiyo sababu.

Wasiopelekwa maabara wachomwe au wazikwe kina kirefu, mbali na kisima, mahali ambapo mbwa hawatafukua.

## Hatua ya 10: Wakati wa kungoja, na kusoma jibu

Mgonjwa apate joto, giza kidogo, maji safi na chakula anachokizoea. Mpime kila asubuhi. Uzito ukitulia kwa siku tatu, una nafasi ya kungoja jibu. Ukiendelea kushuka, mpigie daktari siku hiyo na umsomee namba zako. Ataamua kama tiba ianze, na ataanza akijua sampuli imeshatoka.

Akiandikiwa tetrasaiklini au doksisaiklini, ondoa tunduni lile ganda jeupe la ngisi linalookotwa ufukweni, pamoja na chokaa na makombe yaliyosagwa. Kalsiamu hushikana na dawa hizi na kuzizuia kuingia mwilini. Tiba ya psitakosisi kwa kasuku huchukua kwa kawaida siku 45, na ndege huonekana mzima mapema sana kabla ya hapo. Wanaoacha siku ya kumi ndio wanaorudi.

Jibu likisema "ameonekana na ugonjwa", wahesabu wote walioshiriki maji, chakula au hewa na huyo ndege, kisha daktari aamue nani atibiwe na nani apimwe.

Jibu likisema "hajaonekana na ugonjwa", soma ni kipimo gani na cha sampuli ipi. Kwa psitakosisi, choo cha siku moja kisicho na bakteria hakimwachii ndege huru. Rudia kwa sampuli za siku kadhaa, mwache kwenye chumba chake, na usimrudishe kwa wenzake mpaka amalize muda wa kutengwa, uzito wake umerudi ulipokuwa kwenye ukurasa wa hatua ya 1, na choo chake kinafanana na ile picha.